Mifupa ya Bata Mzinga, Mwaka wa Kwanza Bila Mama

Nyumbani kwa Baba,
Arnaudville, Louisiana.
Jumatatu, 28 Novemba 1994

Mpendwa mdogo wangu Anatole,

Kabla ya yote, nakuulizia kifua chako. Uliondoka hapa mwezi wa nne, baada ya mazishi, ukikohoa kama trekta bovu, na tangu hapo kila wakitangaza theluji ya huko kwenu Alaska kwenye televisheni mimi ndiye ninayejifunika shali. Je, umepona? Unavaa zile soksi za sufu? Nijibu kwa ukweli, si kwa yale majibu yako ya "nipo tu, dada".

Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Shemeji yako Wilfred yuko kiwandani, maana ni msimu wa kusaga miwa, anarudi nyumbani ananukia sukari iliyoungua. Mpwa wako Corinne amepata leseni ya kuendesha gari, kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayesali garini. Shangazi Nonie analalamika goti, lakini ulimi wake hauna maradhi yoyote. Baba naye mwili ni mzima. Habari zake nyingine nitakueleza huko mbele.

Sikukuu ya Shukrani tuliifanya hapa hapa, katika jiko la Mama. Wilfred alitaka tuifanye kwetu, nikakataa. Nilihisi tukiliacha jiko hili likae kimya siku ile, halitawaka tena. Nikamchoma bata mzinga kama Mama alivyokuwa akimchoma, nikamchomeka vitunguu saumu na pilipili mpaka ndani ya mapaja. Tukakaa mezani watu watano, kisha tukatazamana. Hakuna aliyekumbuka kwamba kazi ya kusali ilikuwa ya Mama. Mwisho Shangazi Nonie akakohoa, akasali sala fupi, akasema amina peke yake.

Baba alikula kipande ambacho hata paka angelalamika. Akainuka, akaenda kukaa barazani na kofia yake. Corinne akamfuatia na sahani ya pai ya viazi vitamu, viazi vya shamba la Baba mwenyewe, akarudi nayo vile vile.

Unajua Mama alivyokuwa. Kwake yeye sikukuu ilikuwa kisingizio tu, alichokitaka ni mabaki. "Alhamisi ni ya wageni," alikuwa akisema, "Ijumaa ni yetu." Basi mwaka huu mabaki yalikuwepo tele, na mwenyewe hayupo.

Jioni ile Wilfred alifungua friji akakata nyama ya kifuani ikiwa bado ya baridi, akaiweka kwenye mkate mweupe na mayonezi na pilipili ya chupa, akala amesimama. Nikakukumbuka wewe uliyekuwa ukiponda krispi za viazi ukazitia katikati ya mkate, na Mama akikuuliza kama unakula au unavunja kuni. Nilijitengenezea wa namna hiyo. Niliula wote, Anatole, ingawa sikuwa na njaa.

Sasa nisikilize kuhusu Ijumaa.

Asubuhi nilichambua nyama yote kutoka kwenye mifupa. Shangazi Nonie akaufunga mzoga katika gazeti, akaushika kama mtoto mchanga, akaelekea mlango wa nyuma kwenye pipa. Hakuwa na nia mbaya. Gambo la Ijumaa, ule mchuzi mzito wa mifupa, lilikuwa la Mama, hakuna aliyewahi kuruhusiwa hata kushika mwiko, na sote tulikuwa tumeafikiana bila kusema kwamba mwaka huu halitakuwepo. Baba alikuwa mezani na kahawa yake.

"Mifupa hiyo unaipeleka wapi?" akauliza.

"Kwenye pipa. Ulitaka niivalishe kofia niipeleke kanisani?"

"Irudishe."

"Clovis, kaka yangu, nani atapika?"

Aliinuka, akaitoa ile sufuria nyeusi ya chuma chini ya sinki, akavua kofia. Hapo ndipo nilipojua mambo yamekuwa makubwa, maana unajua Baba hata kwenye kiti cha kinyozi huombwa aivue.

Mifupa tukaitia kwenye maji ichemke polepole. Akachukua mafuta na unga, akaanza kukoroga. Nawe unakumbuka ilivyo: unga ule lazima ukaangwe mpaka uwe na rangi ya senti ya shaba iliyochakaa, na ukigeuza macho tu umeungua. Baba aligeuza macho. Moshi ukajaa jikoni.

"Hiyo ni rangi ya tairi," Shangazi akasema. "Unataka kutulisha au kutuendesha?"

Akamwaga, akaosha sufuria, akaanza upya. Nikamwambia, "Baba, niachie mimi." Akasema, "Ulikuwa unamwona akifanya?" Nikasema ndiyo. "Hata mimi. Miaka yote nilikuwa nakaa hapa namwona. Nilidhani namtazama yeye. Sikujua nilipaswa kutazama mkono."

Shangazi akachukua kisu, akaanza kumkatia vitunguu.

Safari ya pili unga uliiva sawasawa. Tukatia vitunguu, pilipili hoho na seleri, jiko likalia shaa, harufu ikatoka, Anatole, harufu ile ile. Mimi nilikimbilia chumba cha kufulia nikajifanya natafuta taulo. Niliporudi Baba alikuwa ameshamimina supu ya mifupa, ametia soseji ya moshi na nyama niliyoichambua, anakoroga huku ameuma midomo.

Mchana tukala na wali, na kijiko cha saladi ya viazi katikati ya bakuli. Baba alionja. Tukangoja kama watu wanaosubiri hukumu.

"Siyo lake," akasema.

"Siyo lake, Baba," nikasema. Kwa nini nimdanganye? Pilipili ilikuwa nyingi na chumvi ilikuwa imechelewa.

Akala bakuli zima, akaongeza jingine. Tangu tumzike Mama sijawahi kumwona akila hivyo. Shangazi Nonie akafuta machozi, akasema ni vitunguu, na vitunguu vilikuwa vimeiva zamani.

Katikati ya bakuli la pili Baba akaweka kijiko chini. "Anatole anakula nini huko?"

Tangu siku ulipomwambia hutalima viazi vitamu, naye akakuambia basi shamba halina mtoto, sikuwahi kulisikia jina lako kinywani mwake. Hata makaburini mlisimama huyu huku na huyu kule, jeneza la Mama katikati yenu, na ulipopanda gari aliangalia mti.

"Samaki na barafu," Shangazi akajibu. "Jumapili wanabadilisha, wanaanza na barafu."

Baba hakucheka. "Anajua kupika hili?"

Nikamwambia sijui. Je, unajua? Nakuandikia hapa namna alivyofanya, kwa sababu hata huko bata mzinga wanauzwa, na mtu huwa hanyimwi mifupa. Usitupe ngozi, itie kwenye maji pamoja na mifupa. Usiongeze moto kwa haraka. Na ukianza kukoroga unga, simu ikilia iache ilie.

Jumamosi nyama bado ilikuwepo. Ule mjazo wa mkate wa mahindi tuliomla nao bata mzinga niliukaanga kwenye kikaango mpaka ukashika ukoko, nikauvunjia mayai juu. Shangazi Nonie alisaga vipande vilivyobaki na vitunguu vya majani, akatengeneza zile sambusa zake kubwa za kukaanga, akampelekea padri. Padri akarudisha sahani tupu na baraka, Shangazi akasema angependelea sahani yenye kitu. Jana tumemalizia kwa wali na rojo, na leo friji ina nafasi tena. Nilipoifungua na kuona rafu tupu nilishikwa na huzuni ambayo sikuitegemea, kama vile mgeni tuliyemzoea ameondoka.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikae chini nikaandika badala ya kukupigia. Simu iko jikoni, na Baba ana masikio.

Jumamosi asubuhi aliniuliza huko kwenu saa zinakwendaje, na wewe unatoka saa ngapi kwenda kazini, na kama Jumamosi pia unafanya kazi. Nikamweleza yote. Nilidhani anataka kujua utakuwepo nyumbani saa ngapi ili akupigie.

Baadaye niliingia kwa mlango wa nyuma na kapu la nguo. Alikuwa amesimama, amebonyeza simu sikioni, mkono mwingine umeshika ukuta. Nikakusikia wewe, kwa mbali, kasauti kadogo: "Umefika kwa Anatole Lemelle. Sipo. Acha jina lako, nitakupigia." Mlio ukalia. Baba alifungua kinywa, akakifunga, akafungua tena. Akakata.

Nilirudi nje kimya kimya na nguo zangu. Nilidhani ameshindwa tu kuongea na mashine yako ya kurekodi ujumbe, na angejaribu jioni ukiwa umerudi. Hakujaribu. Leo asubuhi, mara tu ulipokuwa umeshatoka kwa hesabu yake, akapiga tena. Alikuwa amechana nywele. Safari hii hata mlio hakuungoja, alisikiliza maneno yako mpaka mwisho, akarudisha simu taratibu, akaketi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukikuta kwenye mashine yako ujumbe usio na maneno, pumzi tu na mbwa wetu akibweka nyuma, usiufute ukadhani ni mtu amekosea namba. Na maneno yale uliyorekodi usiyabadilishe kwa sasa. Lakini siku moja, ukiweza kuomba ruhusa kazini, baki nyumbani asubuhi. Simu ikilia, ipokee. Usimwambie kwamba mimi nimekuambia. Na akinyamaza, mvumilie, usikate wewe kwanza.

Wilfred anakusalimu, anasema bado ana nyundo yako na harudishi mpaka uifuate. Corinne anataka picha yako na theluji. Shangazi Nonie anakuombea mke, lakini anasema asiwe wa kula samaki mbichi. Wasalimie wenzako wa gereji, hasa yule mzee Osgood aliyekukopesha koti.

Mungu akutunze katika baridi hiyo, akulinde barabarani, na akupe usingizi mwema mbali na sisi.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ninayekungoja,

Eula