Maelezo ya Kiti cha Sita

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza. Kazi yenyewe: kuandika maelezo ya mfumo wa zamu wa kliniki ya figo, yawe wazi kiasi kwamba akili bandia iutumie peke yake. Kila amri — inafanya nini, inataka nini, lini usiiguse. Meneja kasema niandike kana kwamba msomaji hajui lolote na hana wa kumuuliza.

Anayeujua mfumo huu ni mtu mmoja tu. Wifi yangu! Mke wa kaka. Miaka kumi na moja anawapangia wagonjwa viti vya kusafishwa damu. Na ndiye aliyeniombea kazi hapa. Nikamuuliza meneja, tukimaliza, wifi atafanya nini? Akatazama dirishani. Tutaona, kasema. Nazijua hizo "tutaona" za mabosi.

Jumanne, 4 Machi
Wifi kaja na kalamu mbili na chupa ya chai. Kafurahi mpaka basi. Eti miaka yote hii hakuna aliyewahi kumuuliza kazi yake inakwendaje.

Tumeanza na amri ya "achia". Mgonjwa akikosa mara tatu mfululizo, kiti chake anapewa mwingine. Lakini piga simu nyumbani kwanza, kasema, wengine wamekosa usafiri tu. Nikaandika: piga mara mbili, usipopata mtu, achia.

Mchana kanionyesha picha ya kaka akijaribu magongo. Tangu aanguke kazini nyumba ile inasimama kwa mshahara wa wifi. Watoto watatu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sijamwambia. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Kila nikiuliza "unajuaje?", wifi anajibu "unajua tu". Nikamwambia, wifi, mashine haiwezi kujua tu. Kacheka mpaka machozi. "Basi iambie vizuri, maskini, usiiache ihangaike."

Anaionea huruma! Nimekunywa chai yake, nikarudi kuandika.

Alhamisi, 13 Machi
Jaribio, tena kwa orodha halisi. Meneja ana haraka zake. Wakala — ndivyo wanavyoiita hiyo akili bandia — kafuata maelezo yangu neno kwa neno. Kamkuta bibi mmoja wa kiti cha sita, zamu ya Alhamisi, miaka mitatu hajahudhuria hata siku moja. Kapiga namba yake mara mbili. Haipatikani. Kaachia kiti, kampa mgonjwa aliyekuwa kwenye foleni. Meneja kanipa mkono.

Saa saba akaletwa fundi cherehani mmoja, mzee, kavimba uso na miguu, pumzi za taabu. Muuguzi akamkimbiza moja kwa moja kiti cha sita. Kuna mtu, mashine inazunguka. Vyote vina watu. Wifi akashika kichwa. Wakampakia kwenye gari kumpeleka hospitali nyingine. Kafia njiani.

Yule bibi hayupo. Hajawahi kuwepo! Mfumo haukubali kiti kitupu, kwa hiyo wifi alimwandikisha bibi wa kubuni, ili kila Alhamisi pabaki kiti kimoja cha dharura. Ndiyo siku wanayoletwa hoi waliokosa zamu za mwanzo wa wiki. Wauguzi wote wanajua. Hakuniambia, aliogopa likiandikwa atafukuzwa.

Mimi nilificha langu, yeye akaficha lake. Katikati yetu kafa mtu. Na sentensi ile ya kuachia ni yangu mimi.

Ijumaa, 14 Machi
Siwezi kuandika.

Jumatatu, 17 Machi
Wifi kanitangulia ofisini, macho mekundu. Hakuna salamu. Kasema andika, wifi, andika yote, asife mwingine kwa woga wangu. Bibi wa kiti cha sita. Nani husema anakuja naye haji. Nani wa kupigiwa kwa jirani kwa sababu mwanawe hapokei. Saa nne nzima! Kila sentensi niliyoandika nilijua namwondolea tonge mdomoni. Nikaandika tu. Ningefanyaje?

Alasiri tumejaribu, safari hii kwa nakala ya orodha. Wakala kakiacha kiti cha sita, na sababu kaiandika: cha dharura, kisiguswe. Kapiga kwa jirani. Hakukosea hata kimoja.

Wifi kapiga makofi. "Kameelewa! Kameelewa!" Kisha kakaa. Kaitazama skrini, kamtazama meneja aliyesimama mlangoni, kanitazama mimi.

"Sasa mimi, wifi, kesho nije saa ngapi?"

Meneja kajifanya anasoma simu. Nikasema nakuja sasa hivi. Nimejifungia chooni, naandikia magotini.

Kuna mtu anagonga. Ni yeye. Anauliza kama naumwa, aniletee maji.