Siku Niliyopanda Hadi Mji Wako wa Baridi

Mwanangu wa pekee, fundi wangu wa kufuli,

Pokea salamu za mama. Juzi nilipanda basi hadi huko milimani kukuona. Askari wa gereza alikwenda kukuita, akarudi peke yake.

"Mama, amekataa kutoka."

"Mwambie ni mama yake mzazi!"

"Ndiyo maana amekataa."

Basi la kurudi lilikuwa la jioni, nikaona nisikae bure. Niliuzunguka mji mzima kwa miguu, baba! Bustani haina kiingilio, kutazama maua sokoni hakulipiwi, na kikombe kimoja cha chai nilikinywa saa nzima. Kwenye ngazi za mlimani vijana walihema, mimi nikafika juu wa kwanza.

Huko juu nililia. Mahakamani waliniuliza kama ungeweza kufungua sefu ya tajiri wako bila ufunguo, nami nikajibu hakuna kufuli duniani linalomshinda mwanangu. Nilikuwa najivunia mtoto tu. Sikujua nakuangamiza.

Hii ni barua ya tisa. Ukiirudisha bila kuifungua kama zile nane, angalau nitajua uko hai.

Ni mimi mama yako, hata ukinikana.