Watu Themanini na Mmoja Bado Wako Safarini

Faraja mwanangu,

Kamwene. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na mtoto wangu bila kumsalimu, hata kama amelala chini ya udongo wa Kichiwa.

Nakuandikia kwa kalamu maana mashine zenu siziwezi. Niko Makambako, dukani kwa dada yako Eliza, nimekaa kwenye kiti cha wateja wa kutoa kopi, na kompyuta yako iko mezani mbele yangu. Ukoo umempa yeye. Arobaini yako tuliifanya Jumamosi, watu wakajaa mpaka barabarani, na nisikudanganye, katikati ya kilio nilijivuna. Nani mwingine wa mtaani kwetu Mjimwema amefanyiwa hivyo?

Sasa nikuambie nilichokukosea.

Unajua nilivyokutangaza. Kule soko la Ramadhani ninakofuma masweta ya shule, hakuna asiyejua kwamba binti yangu ametengeneza mchezo wake mwenyewe wa meli ya angani, na kwamba ndiye nahodha wa watu mia moja na kumi na wawili. Mama Zawadi alinicheka, "Hiyo meli inaegeshwa wapi, Mama Eliza, stendi?" Nikamjibu, "Haiegeshwi, huu ni mwaka wa tatu iko njiani. Na mwanao anaendesha nini, toroli?" Ulicheka nilipokusimulia mpaka nikaogopa kwa ajili ya moyo wako.

Michezo ya wenzako ulikuwa huitaki. Ulisema mtu anabonyeza tu, meli inatoka jua hili mpaka jua lingine kabla chai haijapoa, miaka mia imepita na hakuna hata mmoja aliyeota mvi. Uongo mtupu, ulisema. Wa kwako ulifuata kalenda hii hii yetu ya ukutani. Siku moja kwetu, siku moja kwao. Miaka minne mpaka kwenye nyota. Nikakuuliza ni nani atacheza mchezo wa miaka minne. Ukasema, "Mimi, Mama. Sina haraka."

Huna haraka. Na moyo wako wenye tundu ulikuwa na haraka kuliko sisi sote.

Ulinieleza vizuri, mimi wa darasa la saba nikaelewa. Kompyuta ikizimwa, watu wa melini hawazimiki. Ukiiwasha inaangalia tarehe, inahesabu siku zilizopita, na kila kilichowapata kimeshawapata. Kila baada ya siku kumi nahodha anagawa chakula, kwa amri anayoituma kutoka huku duniani. Asipogawa, wenye nguvu wanakula na wanyonge wanakosa. Wiki ile ya mwisho wodini ulinishika mkono ukasema, "Mama, uwagawie watu wangu." Nikasema ndiyo.

Sikuwagawia.

Baba yako mkubwa alisema vitu vya marehemu visiguswe mpaka ukoo ukae. Nikaifunga kompyuta kwenye kitenge, nikaiweka sandukuni pamoja na nguo zako, akapiga kufuli, ufunguo akakaa nao. Na nilijua, Faraja. Kila zilipotimia siku kumi nilijua. Ningemwambiaje mzee yule mbele ya waombolezaji, kwamba ndani ya sanduku kuna watu wana njaa? Niliogopa kuchekwa. Mimi ambaye mdomo wangu unajulikana soko zima, nikanyamaza.

Leo mchana Eliza kaiwasha. Majina yakashuka kwenye kioo, moja moja, mengine ya kijani, mengine ya kijivu. Ya kijivu thelathini na moja. Kale katoto kalikozaliwa melini mwaka jana, ulikokaita wajina wangu kwa sababu eti kanalia kwa kelele kama mimi, nako kijivu. Nililia mpaka mteja akaondoka akaacha vyeti vyake kwenye mashine.

Eliza akasema, "Mama, bado haijahifadhi. Naweza kurudisha tarehe nyuma, iwe ile siku ya mwisho kabla Faraja hajatutoka. Watakuwa hai wote." Nikamwambia rudisha, unangoja nini.

Akarudisha. Majina yote yakawa ya kijani. Nikapiga makofi, mwanangu, nikacheka peke yangu. Halafu nikaiona tarehe pale pembeni. Jumanne ile. Jumanne ile ulikunywa uji nusu kikombe ukalalamika hauna sukari. Ulikuwepo.

Nikageuka kuangalia mlango.

Niligeuka kweli, sisemi kwa mfano. Nilikaa nikiangalia mlango wa steshenari kama mtu anayesubiri mgeni wa basi la Njombe. Watu walipita. Mmoja alikuwa na sweta kama lako. Eliza alikuwa analia bila sauti na hakuniharakisha. Sijui nilikaa muda gani.

Mwisho nikamwambia, "Rudisha tarehe ya leo. Faraja hakutaka uongo."

Wakafa tena, wote thelathini na mmoja, na mara hii niliyesema ni mimi.

Tukagawa chakula kwa waliobaki. Mashine ikauliza jina la nahodha, Eliza akaanza kuandika lako, nikamshika mkono. Andika la kwangu, nikasema, na uandike kwa herufi kubwa. Lakini hata hapo ulituwekea ukweli wako mchungu, maana amri haifiki papo hapo. Meli iko mbali mno, amri inasafiri siku kumi na moja. Eliza anasema huenda ikawakuta wote themanini na mmoja, huenda isiwakute. Hatuna la kufanya ila kukaa.

Sikuombi msamaha leo. Nitakuomba watakapotua. Kila zikitimia siku kumi nitakuja Makambako, hata ukungu uwe mzito kiasi gani, na nitagawa kwa mkono wangu. Baba yako mkubwa nimeshampigia simu nikamwambia yote, kuanzia kufuli mpaka katoto. Akauliza, "Waliobaki wamekula?" Nikamwambia bado hatujui.

Umebaki mwaka mmoja na miezi kadhaa wa safari yao. Nimemkataza Eliza asiuharakishe hata kwa siku moja. Nitaukaa wote.

Lala, mwanangu.

Mama yako, nahodha