Uthibitisho wa Mizani ya Maziwa

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimegombana na Ogola tena. Raha tupu! Yeye ni injinia wa ushirika wa maziwa kule Molo, na Ijumaa wanachama wanapiga kura kununua mizani mpya za kidijitali. Ameijaribu moja mara elfu kumi, anasema chipu yake ni safi. Nikamwambia Trojan — kijisaketi cha hila kilichofichwa ndani ya chipu — haijitokezi kwa majaribio. Inangoja siku yake. Mimi nathibitisha kwa hesabu: kila hali inayowezekana, bila kuacha hata moja. Akasema sisi wasomi wa Nakuru hatujawahi kubeba mkebe wa maziwa. Upuuzi. Ni kweli, lakini upuuzi.

Jumatano, 11 Juni
Imethibitika! Programu imechambua mchoro mzima wa chipu: uzito unaoonyeshwa ndio uliowekwa, daima. Nimeandikia ushirika kurasa mbili. Moja na nusu ni dhidi ya Ogola na majaribio yake.

Alhamisi, 12 Juni
Molo. Baridi ya kuuma meno. Cherop, karani anayepokea maziwa, alinionyesha mizani ya majaribio. Nikauliza huwa wanaizima saa ngapi jioni. Akacheka.
"Hii hatuzimi, Mwalimu. Ukiizima, asubuhi inasoma ovyo nusu saa, na watu wako kwa laini."
Nikafungua karatasi zangu pale pale. Katika uthibitisho wangu kuna mstari mmoja: mizani huzimwa kila jioni. Niliuweka mwenyewe ili kazi iishe haraka. Hakuna aliyeniambia hivyo. Sikuuliza.

Ijumaa, 13 Juni
Asubuhi nimeufuta ule mstari. Programu imejibu kwa dakika kumi na tisa tu! Ndani ya chipu mna kihesabio cha siri. Mizani ikizimwa, kinarudi sufuri. Isipozimwa, ikishapima mara 65,536 — kwa Molo, miezi saba hivi — kila mkebe unapunguzwa nusu kilo. Nilipiga vigelegele kabla ya kukumbuka barua yangu.

Saa nne. Ukumbini, safu ya nyuma. Mwenyekiti wa ushirika hakushika simu zangu njia nzima kutoka Nakuru. Barua imeshasomwa, makofi. Sasa Ogola amesimama — ananisifu! Anasema alinipinga na nimemshinda. Miaka minane nimengoja maneno hayo. Matamu, hata leo.
Mwenyekiti anaomba mikono ya wanaokubali. Inapanda, safu baada ya safu. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeuinua kuomba nafasi ya kusema. Mwenyekiti amenielekezea kalamu, ametabasamu, amenihesabu —