Siku Kaka Yangu Alipomleta Mike

Mjukuu wangu Saidi, salamu zikufikie huko mtaani Phillips, Minneapolis, wewe na Yusufu wako. Huku sote wazima, ila babu yako kanunua tena gari bovu, tumemwachia mwenyewe.

Unaniuliza mkihama huko mjini mje kuishi huku kwetu mashambani, watu watasemaje. Watasema! Mimi mwenyewe ndiye huwa nawaanzishia umbeya.

Sasa sikiliza. Nikiwa kijana, kaka yangu Salim alirudi hapa kutoka mjini na mwenzi wake wa maisha, Mike. Siku ya Idi wanaume wakakaa sebuleni, wanawake jikoni. Wale wawili wakawekewa sinia, hakuna aliyesogea kula nao. Pilau inapoa. Mama akatoka jikoni, akaketi palepale katikati ya wanaume, jambo hatujapata kuliona, akammegea Mike nyama kwa mkono wake.

"Kula, mwanangu. Mbona umekonda, Salim hakupikii?"

Mike Kiswahili hajui, lakini nyama aliijua. Mjomba akaangua kicheko, akasogea kwenye sinia, na wengine wakamfuata. Wallahi, mpaka leo nikimtaja mama natembea kifua mbele.

Basi njooni. Tena msije usiku. Njooni Jumamosi mchana, majirani wote wako nje, na mpige honi.

Bibi yako, Mwanaisha