Mukono wa pili wa triko

Kibabi, siku ya ine, mangaribi

Na ile misuko ya kifuani ya triko, sweta ya sufu ninayomufumia bwana yangu, ilinitesa! Niliifumua mara nyingi, nikalia. Leo imekaa muzuri, halafu uzi ukaisha katikati ya mukono wa pili. Mwenye duka anasema barabara imefungwa kwa magari, uzi mwingine hautafika.

Kesho bwana yangu anaenda Kashebere na pikipiki, mu mvua. Naogopa sana kile kikohozi chake.

Mama mukwe alisikia. Akavua triko yake ya zamani, akaanza kuifumua.

"Mama, na wewe je?"

"Mimi niko na jiko, mutoto wangu. Yeye iko na mvua tu."

Nikanyoosha mikono, akaizungushia uzi, ungali na joto la mwili wake.