MBA ya Uingereza Niliyoitangaza Mnadani

Jumapili, jioni. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umekalia migomba, mlima hauonekani na wala sina hamu ya kuuona. Nina hasira. Naanza na hilo ili msomaji asije akalalamika huko mbele kwamba sikumwambia.

Niliowakasirikia leo ni watatu, na mmoja wao nilimbeba mgongoni akiwa mchanga.

Kwa wanaopita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: shule niliiacha kidato cha pili, na niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe. Nimepandisha wageni mlimani kabla ya hawa vijana wa leo wenye makoti ya rangi rangi. Profesa mmoja wa Kijerumani nilimshusha mgongoni kutoka kibanda cha juu kabisa hadi getini, mvua ya mawe inatutwanga, naye ananifundisha uchumi sikioni. Tulipofika chini alilia. Akasema ningezaliwa kwao ningekuwa mkuu wa chuo. Anayebisha abishe. Baadaye nikaingia kwenye vitunguu na mahindi, napakia Kwa Sadala, nashusha Himo, na hakuna dalali kwenye barabara ile asiyenijua. Mtu akinitajia bei nacheka, nageuka, naondoka. Sijawahi kufika mbali kabla ya kuitwa.

Kwa hiyo mpwa wangu Aikande aliposema anatafuta chuo cha kusomea MBA kwa mtandao, chenye ada nafuu na shahada yenye thamani, nilimwambia kazi hiyo aniachie mimi.

Aikande ni binti wa dada yangu mkubwa, Ndeshi. Baba yake alifariki binti akiwa bado anajifunza kusoma, na tangu hapo mambo yake ya shule ni yangu. Sasa hivi ni kaimu meneja wa ushirika wa maziwa, pale tunapopeleka ndoo zetu kila asubuhi. Kaimu. Neno hilo linamkera kama kokoto kwenye kiatu. Bodi inakaa Jumatano kuamua nani awe meneja kamili, na wamesema wazi wanataka mtu mwenye shahada ya uzamili ya biashara, au ambaye tayari ameianza. Usajili wa chuo anachokitaka unafungwa kesho. Mimi nimeuza mtamba ili nichangie ada ya kuanzia. Watu waseme lolote juu yangu, wasiseme ni mchoyo.

Ugomvi ni kwamba chuo alishakichagua bila mimi.

Na ni chuo cha hapa hapa nyumbani. Wiki nzima alikuwa ananielezea. Ati masomo ni jioni kwa mtandao, mwalimu unamwona na kumuuliza, ukikosa kipindi kimerekodiwa. Ati mitihani anaifanyia Moshi mjini mbele ya msimamizi. Ati ada wanaichukua muhula kwa muhula, na ameshauliza gharama zinazofichwa nyuma, za mitihani, za vitabu, za mahafali, akajumlisha na bando la intaneti. Ati amempigia simu mama mmoja wa Arusha aliyemaliza pale, akamuuliza amepata nini kazini. Ati shahada yake inatambulika, hakuna ofisi itakayoikataa.

Sikumsikiliza. Nilisikia neno moja tu, nyumbani, likanitosha. Mtoto niliyemlea mimi asome kwenye chuo ambacho hata jirani anaweza kusoma?

Jumanne nikashuka mjini. Kuna ofisi ghorofani, mlango wa kioo, na kijana wa tai ambaye ni wakala wa chuo cha Uingereza. Akanipa shikamoo mzee, akanipa maji ya baridi, akanipa kitabu chenye picha ya jengo kama ngome, majani yamekatwa vizuri kuliko nywele zangu. Akataja ada. Nikacheka. Nikasimama. Nikageuka. Nilikuwa nimeshika kitasa aliposema, "Mzee wangu, kaa basi tuongee."

Tukaongea. Nilimkanda yule kijana kama unga. Alishuka, nikakataa. Akashuka tena, nikamwambia habari za profesa wa Kijerumani. Mwisho ada ikabaki chini ya nusu, na juu yake akaniongezea cheti kingine cha uongozi, bure, kama muuza nyanya anavyokuongezea mbili juu ya fungu. Akasema binti atamaliza mapema sana, na mambo ya mitihani nisijali. Tukapeana mikono, akaniambia nipeleke fedha Jumatatu, yaani kesho. Nilitoka pale natembea katikati ya barabara, bajaji zinanikwepa.

Sasa nifike kwenye leo.

Asiyejua desturi ya huku kwetu: ibada ikiisha hatutawanyiki. Sadaka za vitu, mayai, kuku, mikungu ya ndizi, vinatolewa nje ya kanisa na kunadiwa. Fedha inaingia kanisani, na aliyepandisha bei ndiye anayetazamwa. Leo ulitoka mkungu wa mshare, ndizi zetu za kupika. Mimi kihamba changu, shamba linalozunguka nyumba, kimejaa mshare, ng'ombe wanakula zinazobaki. Lakini aliyetaja bei ya kwanza alikuwa Mwalimu Eliapenda, mwalimu mkuu mstaafu, aliyenifundisha hesabu darasa la sita na hajawahi kusahau. Siwezi kumwachia mtu huyo kitu. Akipandisha napandisha. Watu wakaanza kucheka, kina mama wakanipigia makofi, hadi Mwalimu akakunja mikono na kuacha.

Mnadishaji akaniuliza kama nina neno.

Nilikuwa nalo. Nikachukua kipaza sauti nikasema mpwa wangu Aikande ameingia chuo kikuu cha Uingereza kusoma MBA, kwamba atakaa hapa hapa Kilimanjaro na Uingereza itamfuata. Vigelegele vikapanda hadi kwenye mibuni. Watu walinishika mkono kama mimi ndiye bwana harusi. Mwalimu Eliapenda alivua miwani, akaifuta, akamtazama Aikande. Mimi hakunitazama. Nikasema moyoni, wivu huo.

Aikande hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na ukuta, Biblia kaikumbatia, anatazama chini.

Nyumbani kwa dada tulipakuliwa machalari ya ndizi na nyama. Aikande hakugusa sahani.

"Mjomba, huyo wakala ulimpunguza bei?"

"Chini ya nusu, mwanangu. Na cheti cha uongozi juu."

"Ulimpunguzaje?"

"Nilisimama nikaondoka. Akaniita."

Akasogeza sahani pembeni. Kisha akasema polepole, kama anavyoongea na mkulima aliyeleta maziwa yenye maji, "Mjomba, ada ya chuo haipatanwi. Umewahi kwenda sekondari ukaambiwa kaa basi tuongee?"

Nikamwambia asinifundishe biashara. Nikamwambia nilikuwa napakia fuso yeye hajajua kufunga kamba za viatu. Nikasema mengine ambayo sitayaandika. Dada Ndeshi akasema mezani kwake hapapigwi kelele, kama nataka kelele nirudi mnadani.

Basi binti akatoa simu, akaniomba namba, akampigia kijana wa tai na kuweka sauti wazi katikati ya meza. Akamsalimia vizuri tu. Akamuuliza nani anafundisha. Kijana akasema wataalamu. Akauliza wataalamu gani, wana majina? Kijana akasema majina utayapata ukishalipa. Akauliza mitihani inafanyiwa wapi.

"Dada, sisi hatukusumbui na mitihani. Wewe una uzoefu wa kazi, tunaubadilisha uzoefu wako kuwa shahada."

Akauliza kama shahada hiyo inatambulika hapa nchini. Kijana akakohoa, akasema utambuzi ni mambo ya makaratasi tu, yanakwenda. Kisha, hakuna aliyemwuliza bei, hakuna aliyecheka, hakuna aliyesimama, akasema, "Lakini kwa sababu ni wewe, dada, naweza kushusha kidogo tena."

Kijiko changu kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Nikakirudisha.

Mimi ni mfanyabiashara. Nimenunua mizigo gizani, nimenunua mizigo kwa kunusa tu. Mtu anayeshusha bei bila kuombwa namjua. Huyo anataka mzigo uondoke kabla hujafungua gunia. Na kumbe hata ile Jumanne sikumshinda. Alikuwa ananisubiri nifike mlangoni.

Hilo ndilo linalonichoma. Hata kumpandisha mtu mlimani bila viatu hakunichomi hivi. Yule kijana alinipa kitu ninachokipenda, akaniacha niondoke nikiimba.

Aikande alikata simu. Nilidhani atanisimanga, ningefurahi, ningepata pa kuanzia. Hakunisimanga. Alisema, "Mjomba, barua yangu ya maombi iko bodi tangu wiki iliyopita. Nimeandika jina la chuo cha hapa. Na mwenyekiti wa bodi ni Mwalimu Eliapenda."

Nikaomba maji.

Akaendelea. Leo mbele ya kanisa zima mjomba wake kasema Uingereza. Barua inasema nyumbani. Jumatano Mwalimu ataweka hayo mawili mezani, na atauliza nani kati ya mjomba na mpwa ni mwongo, na wanaogombea naye wapo wawili. Ukaimu wenyewe ataupoteza. Alisema atakwenda kwa Mwalimu leo hii, kabla habari haijalala huko ikaota mizizi.

"Usiende," nikasema. "Ukienda wewe ataona umekwenda kujipendekeza."

"Sasa aende nani?"

Dada Ndeshi alikuwa anakusanya sahani. Hakunigeukia hata. "Aende mwenye mdomo."

Nimewaambia walionikasirisha ni watatu. Wakala wa kwanza, Mwalimu wa pili, Aikande wa tatu. Wakala kwa uongo wake, Mwalimu kwa kuwa hai, Aikande kwa kuwa na haki huku anaongea taratibu. Mtu akiwa na haki angalau apige kelele, umpate kosa moja la kushika.

Nilipanda kwa Mwalimu kwa miguu, matope mpaka kwenye soksi. Njia nzima nilikuwa natengeneza hadithi. Nina hadithi nzuri sana mimi. Ya kwanza: chuo cha Uingereza na cha hapa vimeungana. Ya pili: kipaza sauti kilikuwa kibovu, watu walisikia vibaya. Ya tatu ilikuwa na profesa wa Kijerumani ndani yake, na nakuhakikishia ilikuwa inasimama.

Mwalimu alikuwa barazani, redio iko sakafuni inaongea. Nikamwamkia shikamoo kwa sababu kanizidi umri, siyo kwa kupenda.

"Marahaba. Karibu, mbe. Uingereza hawajambo?"

Hivyo ndivyo alivyo, anakuita mbe, bwana mkubwa, huku anakuchoma. Ningekuwa na kikombe mkononi ningekivunja. Zile hadithi tatu zilisimama mlangoni zikinisubiri nichague mojawapo, na nilijua kabisa kwamba yoyote nitakayoitoa, yeye ataichambua kama hesabu ya darasa la sita, na mwisho wake alama nyekundu itawekwa kwenye jina la Aikande, siyo langu.

"Chuo ni cha hapa," nikasema. "Kama alivyoandika kwenye barua. Uingereza nimeisema mimi. Yeye hakunituma, wala hakujua kama nitasema."

Mwalimu akapunguza redio.

"Kwa nini ulisema?"

"Kwa sababu ulikuwa unapandisha bei ya ndizi."

Akaizima redio kabisa. Kisha akaanza kuniuliza maswali, na sikutegemea kuwa nitayajibu. Masomo ni saa ngapi? Jioni, asubuhi yuko kazini anapokea maziwa. Mitihani? Moshi mjini, mbele ya msimamizi. Shahada inatambulika? Inatambulika. Kwa nini hakuchukua cha bei ya chini zaidi? Nikamwambia vya chini zaidi vipo, aliviangalia, kimoja hakina mwalimu wa kumuuliza, kingine gharama zake zinakuja nyuma kama mkia, na huyu binti alimpigia simu mtu aliyemaliza ndipo akaamua. Kumbe wiki nzima masikio yangu yalikuwa yanasikia, mimi nilikuwa nayakatalia.

Nilifika mahali nikataka kuongeza. Ilikuwa kwenye ulimi tayari, kwamba ameshinda nafasi hiyo kati ya watu wa nchi nzima. Nikafunga mdomo. Taya liliniuma.

Mwalimu akasema, "Jumatano nitasoma barua yake kama ilivyoandikwa. Kura ni za bodi." Hakusema nimefanya vizuri. Hakunikaribisha chai. Niliposhuka ngazi akaongeza, "Na Jumapili ijayo uliseme hilo pale pale uliposemea lile lingine."

Simpendi mtu yule. Kesho nikiamka bado sitampenda.

Fungu langu la ada nimelituma kwenye simu ya Aikande kabla sijavua viatu. Amejibu neno moja, aika, hakuweka kitu kingine. Kumbe hata shukrani yake haina makeke.

Kuhusu meneja sijui. Bodi ina watu saba na nimeshagombana na wanne. Kinachonikereketa sasa hivi ni hiyo Jumapili ijayo. Maisha yangu yote nimeshika kipaza sauti ili watu washangilie. Hiyo Jumapili nitakishika nikijua hakuna mtu atakayepiga kigelegele, na lazima niseme mpaka mwisho. Nitaweza?